Uzi: Kamera kwa boda, na hiyo kadi ya memori ni ya nani?

Wadau, huu mjadala hurudi kila baada ya miezi michache, kwa hivyo wacha tuufungue leo kabla haujarudi tena. Ajali mbaya inatokea, ama video ya boda wakimzingira dereva inasambaa, halafu kiongozi fulani anapanda jukwaani (majina hatutaji, mnajua sheria ya uzi huu) na kusema kila pikipiki ya abiria ifungwe kamera. Upande ule mwingine unajibu kwamba huo ni upelelezi tu, mwananchi wa chini anataka kufuatwa mpaka chooni. Tunarushiana maneno siku tatu, kisha kimya.

Mimi nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa tatu, na ningekuwa na maoni ya darasani tu kama si kaka yangu. Yeye ni boda Nakuru, steji yao iko upande wa Free Area, na karo yangu kwa sehemu kubwa inatoka kwa hiyo nduthi. Januari mwaka jana tuliifunga kamera. Nimeona faida yake na nimeona shida zake, na nyingi ya hizo shida sijawahi kusikia zikitajwa na upande wowote.

Nianze na fundi, maana anayesema "ifungwe tu" mara nyingi hajawahi kuona kazi yenyewe.

Kamera ya gari unaibandika kwa kioo, unachomeka waya kwa tundu la kiberiti, umemaliza. Nduthi haina kioo cha maana, haina tundu, na inanyeshewa. Inabidi utafute ile ya pikipiki: lenzi mbili ndogo zisizoingiza maji, moja mbele moja nyuma, na kiboksi cha kurekodi kinachofichwa chini ya kiti. Yetu tuliitoa Luthuli Avenue, Nairobi, kwa 8,500, baada ya kubishana na muuzaji kutoka 11,000. Kaka siku ikiwa nzuri anabaki na 700 ama 800 baada ya mafuta na malipo ya mkopo. Hesabu mwenyewe hizo ni siku ngapi za kazi.

Kamera inataka volti 5, betri ya pikipiki ni volti 12, kwa hivyo katikati kunakaa kiboksi kingine cha kupunguza umeme. Fundi akatuonya mambo matatu. Kwanza, usichukue moto moja kwa moja kwa betri, kwa sababu kamera itaendelea kunywa hata nduthi ikiwa imezimwa, na betri ya pikipiki ni ndogo, asubuhi utaikuta imekufa. Chukua kwa waya unaopata moto ufunguo ukiwashwa tu. Pili, usichukue kwa taa ya mbele, maana kwa nduthi nyingi ndogo hiyo taa inalishwa moja kwa moja na injini, umeme wake unapanda na kushuka kadiri unavyovuta mafuta. Tatu, weka fyuzi yake yenyewe. Waya ukichubuka chini ya tanki la petroli, hiyo fyuzi ndiyo inasimama kati yako na moto.

Kulikuwa na jambo la nne, la nduthi ya mkopo. Yetu ina traka ya waliotukopesha. Wanaona iko wapi, na usipolipa wanaweza kuizima kutoka mbali. Fundi alikataa kabisa kusogea karibu na waya za traka, akasema ukizigusa mfumo unaweza kusoma kwamba umeiba pikipiki yako mwenyewe. Shikilieni hapo, tutarudi.

Lenzi ya nyuma tuliiweka juu ya namba. Wiki ya kwanza tukagundua kwamba kila kaka akibeba kreti za maziwa, kamera inarekodi kreti. Lenzi ya mbele nayo ilitetemeka hadi picha ikawa kama maji, mpaka fundi akakata kipande cha tyubu kuukuu akakiweka chini yake kama mto. Hiyo haikuandikwa kwa kitabu cha maelekezo.

Sasa kadi, na hapa ndipo siasa inaanzia. Kadi yetu ni ya GB 64. Ukirekodi kwa lenzi mbili, picha ya 1080, inajaa kwa karibu masaa manne na nusu au matano. Ikijaa, inafuta ya zamani na kuandika mpya juu yake. Kaka anafanya kazi masaa kumi na mbili. Maana yake, jioni, safari za asubuhi hazipo tena. Kamera imesahau.

Kuna kitu cha kuzuia huko kusahau: kihisi cha mshtuko. Ukigongwa, kinafungia ile video isifutwe. Vizuri, sivyo? Ila hizi barabara zetu mnazijua. Kila shimo ni mshtuko, kila tuta ni mshtuko. Siku mbili za mwanzo kadi ilijaa video za mashimo zilizofungiwa, ikaacha kurekodi kabisa. Ilibidi tushushe ukali wa kihisi hadi chini kabisa. Kwa hivyo kiongozi anaposema "kamera itaonyesha kila kitu", muulize imewekwa na nani na ikapangwa vipi.

Mei ikatokea ile tulikuwa tunaiogopa. Asubuhi, kaka akiwa na abiria, gari dogo likatoka kituo cha mafuta bila kuangalia, likaingia barabarani mbele yake. Kifundo cha mguu kilivunjika. Abiria alichubuka mikono, tukashukuru Mungu. Wakati mimi natoka chuoni kufika Nakuru, kaka yuko wodini, na kituoni tayari kuna maelezo ya upande mmoja: dereva amesema boda alikuwa anapita kushoto kwa kasi. Sishangai. Aliyesimama kwa miguu yake ndiye alifika kuandikisha kwanza.

Nikaenda na simu yangu, video nimeshaihamisha. Afande akaitazama mara mbili. Akasema, "Leta hiyo kadi." Mimi, moyo unapiga kama ngoma, nikamwambia, "Sawa afande, lakini naomba iandikwe kwa OB kwamba nimeikabidhi, na mimi nibaki na nakala." Akaniangalia. Akauliza nasoma nini. Nikamjibu. Akacheka, akaandika. Si kila mtu atachekewa, hilo najua.

Halafu likaja tatizo la saa. Kamera ina kibetri kidogo cha kutunza tarehe, na chetu kilikuwa kimechoka, kwa hivyo video ilikuwa imeandikwa tarehe ya Januari, miaka kadhaa nyuma. Watu wa bima ya lile gari wakashika hapo hapo: hii ni siku nyingine, hii ni ajali nyingine. Kilichotuokoa ni bango la bei ya mafuta. Lile gari lilikuwa linatoka kituo cha mafuta, na bango linaonekana wazi nyuma yake. Bei za mafuta Kenya hutangazwa upya tarehe 14 ya kila mwezi na kuanza kutumika usiku wa kuamkia tarehe 15. Bei zilizokuwa kwa bango zilikuwa za mzunguko ule ule wa ajali. Shtaka la kuendesha bila uangalifu halikufika popote. Bima bado wanatuzungusha, lakini kaka hana kesi.

Kwa hivyo ukiniuliza kama niko upande wa kamera, niko. Bila ile video, mtu aliyekuwa wodini angegeuka mkosaji. Boda wengi wanaopinga kamera hawajui kwamba wao ndio hukosa ushahidi mara nyingi zaidi, kwa sababu wao ndio hubebwa na ambulensi, ama na nduthi nyingine.

Ila kuna kisa kilichotangulia ajali, mwezi wa Februari, na hicho ndicho kimenifanya niandike.

Steji nzima ilikuwa inajua kaka ana kamera. Mitaani habari kama hiyo haikai. Jioni moja akaja mwanaume wa makamo, amevaa vizuri, anaongea kwa upole. "Kijana, Alhamisi ulimbeba mke wangu. Nataka tu kuona alishukia wapi." Akatoa elfu mbili. Mwenyekiti wa steji, ambaye kaka anamheshimu kama mzee wake, akasema muonyeshe, ni mke wake, kwani kuna siri gani. Wengine wakaunga mkono. Elfu mbili si kidogo.

Kaka akamwambia, "Mzee, hizo za Alhamisi zilishafutika." Ilikuwa kweli, ilishapita siku mbili. Yule mwanaume akakaa kama dakika kumi akibembeleza, kisha akaondoka. Jioni nikamuuliza kaka, na kama zingekuwepo? Akasema, "Huyo mama alinilipa mia nimfikishe. Hakunilipa nimchongee."

Sijui yule mama alikuwa ameenda wapi. Labda kwa dadake. Labda kliniki. Labda kwa wakili. Kilichomlinda siku hiyo hakikuwa sheria wala polisi. Ilikuwa kadi ndogo isiyoweza kukumbuka zaidi ya masaa matano, na mwendeshaji mwenye msimamo. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo viwili, unabaki na kingine pekee.

Sasa rudini kwa mjadala mkiwa na hicho kisa kichwani.

Pendekezo linalorudi kila mara lina sehemu mbili ambazo huchanganywa makusudi. Sehemu ya kwanza: nduthi iwe na kamera. Sehemu ya pili, inayosemwa haraka haraka mwishoni: video ziende mahali fulani, zikae kwa muda fulani, ili "zitumike zikihitajika". Timu ya usalama hutetea ya kwanza ili kupitisha ya pili. Timu ya faragha hushambulia ya pili kwa kupinga ya kwanza. Ndiyo maana hawakutani popote.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na kinataja waziwazi kutopekuliwa wewe, nyumba yako au mali yako, kutonyang'anywa vitu vyako, na habari za familia yako ama mambo yako binafsi kutotakwa au kufichuliwa bila sababu. Halafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hiyo inamwachilia mtu anayerekodi kwa shughuli zake binafsi au za nyumbani. Ukifunga kamera kwa nduthi yako ya kwenda shamba, sawa. Ukibeba abiria wa kulipa, hapo ngoma inabadilika, hiyo ni biashara.

Na kuna kitu kilinichekesha maktaba. Kanuni za 2021 za kusajili wanaoshika data huwaachilia wafanyabiashara wadogo, wale wa mauzo ya chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi. Lakini kuna orodha ya shughuli ambazo lazima zisajiliwe hata ukiwa mdogo namna gani. Huduma za usafiri zimo. Kamera za ulinzi za CCTV zimo. Kwa hivyo ukiisoma neno kwa neno, kaka yangu na GB 64 zake anatakiwa aende akajisajili kwa Kamishna wa Data kama kampuni. Na kitu kingine kwenye orodha hiyo hiyo? Kutafuta uungwaji mkono wa kisiasa kwa wapiga kura. Wale wanaotutumia SMS za kampeni bila kuuliza wako meli moja na kaka.

Usidhani ni sheria ya karatasi tu. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza klabu moja Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Sasa fikiria boda anayepakia TikTok video ya abiria mlevi. Zinaonwa sana, mnazijua.

Upande wa mahakama, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka video iambatane na cheti kinachoeleza ilitolewa kwa kifaa gani na vipi, kikiwa na sahihi ya mtu anayehusika na hicho kifaa. Kwa hivyo kadi asili isichezewe, nakala ifanywe mapema, na tarehe ya kamera iwe sawa. Kaka sasa anakagua saa ya kamera kila Jumatatu kabla ya kutoka. Hilo ndilo somo lililotugharimu zaidi.

Tuje kwa siasa yenyewe. Chukueni siku ya maandamano. Boda ndizo hubeba vijana kuelekea mjini, na boda hizo hizo hubeba waliojeruhiwa kwenda hospitali. Kila moja ikiwa na kamera, na video zikienda moja kwa moja kwa mtambo mmoja, kuna mtu ofisini ambaye jioni hiyo ana nyuso za kila aliyetoka nyumbani kutumia haki ya kifungu cha 37. Hahitaji kumuuliza mwendeshaji, hahitaji kuandika kwa OB. Upande mwingine wa sarafu, kamera hizo hizo zinaweza kumnasa afisa akimpiga mtu aliyelala chini, na IPOA ikapata ushahidi ambao kawaida haupatikani. Video ni moja. Inategemea iko mfukoni mwa nani.

Na ndiyo maana misimamo hubadilika kama nguo. Mtu akiwa serikalini, kamera ni usalama. Akihamia upinzani, ni upelelezi. Akirudi, ni usalama tena. Mkimsikia kiongozi akilia juu ya faragha, msimuulize anaamini nini. Muulizeni alisema nini alipokuwa na funguo.

Nani atalipa? Hapa tuna historia. Wenye umri wa wazazi wetu wanakumbuka kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: spidi gavana, mikanda, mstari wa manjano, abiria kumi na wanne. Zilikuwa kanuni nzuri, na zilileta nidhamu, hilo hata mamangu anakiri. Ila gharama ilibebwa na wenye magari, nauli ikapanda, na baadaye spidi gavana nyingi zikachezewa, ikawa sababu nyingine ya kusimamishwa barabarani na kuombwa kitu kidogo. Kamera ya lazima bila mpango itafuata njia hiyo hiyo. Lenzi imepasuka? Toa kitu. Kadi imejaa? Toa kitu.

Kuna silaha ambayo hatuitumii. Sheria ya Kanuni za Kisheria ya 2013 inataka kanuni yoyote inayoweza kuwatwika wananchi gharama kubwa itanguliwe na taarifa ya tathmini ya athari zake, na iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Isipowasilishwa, inakufa. Kwa hivyo siku kanuni za kamera zitakapotoka, badala ya kutukanana mtandaoni, tuulize tathmini iko wapi na inasema boda atalipa ngapi.

Sasa ile traka. Wakati tunabishana kuhusu serikali, mwezi uliopita waliotukopesha nduthi walimtumia kaka ujumbe. Wanampa kamera mpya bure. Ina laini yake ya simu, inatuma video kwao moja kwa moja, na ya kwetu itolewe. Akikubali, malipo ya siku yanapungua kwa shilingi 30. Akikataa, wanasema mkataba "utaangaliwa upya". Hakuna kiongozi amepiga kelele juu ya hili, kwa sababu hakuna jukwaa lililohusika. Ni kitufe tu kwa simu: Nakubali.

Na kamera yao ina maikrofoni. Kwa yetu tuliizima siku ya kwanza, baada ya kumsikia abiria mmoja akimweleza mtu kwa simu majibu yake ya hospitali, kila neno, juu ya upepo wote ule. Tukabandika pia kikaratasi kwa tanki: "Kamera inarekodi picha, sauti imezimwa." Abiria wawili tu ndio wameshuka. Wengi husema afadhali.

Tulikaa na kaka Jumapili, tukaandika maswali manne kwa Kiswahili cha kawaida, tukawatumia. Video zinakaa kwenu siku ngapi? Nani ofisini anaweza kuzifungua? Polisi wakizitaka bila amri ya mahakama mtawapa? Na mimi nikigongwa nizitake, mtanipa zangu, kwa muda gani? Sheria ya 2019 inampa mtu haki ya kuona data yake, kwa hivyo la mwisho si ombi.

Kaka alitaka kuongeza la tano, kama mume wa mtu anaweza kwenda ofisini kwao na elfu mbili. Nikamwambia hilo limo ndani ya la pili. Akasema hapana, liandike peke yake. Tukaliandika.

Wametupa mpaka mwisho wa mwezi. Wakijibu nitaweka hapa.